Mgongo wa Wifi

Mtoto aligeuka. Nilitikisa kopo upande wa kulia, hatua moja nyuma ya bega la wifi yangu, mahali ambapo macho yao wote wawili hayakufika, na Eveline akageuza kichwa kulia. Nikahamia kushoto, nikatikisa tena. Akageuka kushoto. Lilikuwa kopo la maziwa ya unga, na ndani yake mlikuwa na punje ishirini za mahindi. Nilizihesabu mwenyewe siku niliyolitengeneza, ili likipotea mtu aweze kutengeneza jingine lenye mlio uleule.

"Anasikia," nilisema.

Wifi Helena alikuwa amesimama katikati ya sebule yetu pale Gangilonga, mwanangu amefungwa mgongoni kwake kwa mbeleko ya kitenge. Hakubisha. Alikaza fundo kifuani, akasema, "Basi, wifi. Wewe ndiye umesoma."

Nikaandika kwenye kadi ya kliniki: miezi saba, hugeukia sauti, pande zote mbili. Nikatia sahihi. Ilikuwa Jumapili, tarehe kumi na nne Julai, mwaka 2019, saa nne asubuhi, na upepo wa Iringa ulikuwa ukigonga bati.

Kazi yangu ni kuwakagua watoto. Mimi ni tabibu, na wakati ule nilikuwa na miaka tisa kazini, kwanza wodi ya wazazi, kisha kliniki ya watoto. Ukaguzi wa mtoto mchanga huanzia kichwani ukashuka, na haurukwi hatua hata kama mama ana haraka. Eveline nilimkagua mwenyewe alipokuwa na saa sita duniani. Ezekia, mwenzangu wa zamu, alisema si vizuri mtu kumpima mwanawe. Nilimwambia ashike kalamu aandike. Utosi laini, haujabonyea wala kuvimba. Kaakaa halina tundu. Mapigo ya moyo mia moja na arobaini. Nyonga zilifunguka bila kuchomoka. Nilipokiachia kichwa chake kidogo tu kikarudi kwenye kiganja changu, alitandaza mikono kama mtu anayeanguka, kisha akaikunja kifuani. Vidole ishirini. Masikio mawili, yamekaa sawa. Siku ya kwanza masikio tuliyatazama umbo tu. Mashine ya kupima usikivu wa kichanga hatukuwa nayo.

Likizo yangu ya uzazi ilipokwisha mwezi Machi, mume wangu Paulo alimwomba dada yake aje kutusaidia. Wazee wao walishuka na ng'ombe kutoka Usukuma hadi bonde la Usangu kabla Paulo hajazaliwa, na siku hizi ukoo wote unalima mpunga Madibira. Helena alikuwa na miaka arobaini, darasa la saba, watoto watano ambao wote walikua. Alishuka kwenye basi na kiroba cha mchele, akanawa mikono, akamchukua mtoto kutoka kitandani. Akainama, akamtelezesha mgongoni, akafunga. Ilichukua muda mfupi kuliko mimi kufungua pini ya nepi.

"Huyu mnamweka chini mno," alisema. "Mtoto si mzigo, wifi, kwamba umefika unautua."

Nilianza kupima kilio. Sijui kwa nini niliona ni lazima. Kwa wiki moja niliandika kwenye daftari kila Eveline alipolia jioni: mikononi mwangu, wastani wa dakika kumi na moja kabla hajanyamaza. Mgongoni kwa Helena, chini ya dakika moja. Nilijiambia ninafuatilia usingizi wa mtoto. Mtu anayechunguza usingizi haandiki jina la mbebaji kwenye safu ya kwanza.

Kile nilichokuwa nacho kinaitwa wivu, na dalili zake nazijua kama ninavyozijua za umanjano wa wachanga. Niliona wivu mtoto alipozijua nyuzi za kanga ya Helena na kuzivuta. Niliona wivu nguo za mtoto ziliponuka mafuta ya Helena na si maziwa yangu. Benedicta, jirani yetu, alikuwa akiegemea ua asubuhi na kuuliza, "Mtoto wa Helena ameamkaje leo?" kisha ananitazama. "Usinune, Mama Eve. Wewe ulimzaa, si umemaliza kazi?" Helena alicheka. Nilicheka na mimi, nikachelewa kidogo.

Helena aliimba mchana kutwa. Hakuwa na sauti nzuri. Zilikuwa nyimbo nene za Kisukuma ambazo hazikutoka mdomoni bali zilibaki kifuani zikinguruma, na Eveline aliweka shavu kati ya mabega yake, macho nusu wazi. Akinyamaza, mtoto alimpiga mgongoni kwa kiganja mpaka aanze tena. Mimi siimbi. Nilimpakata mwanangu magotini, nikamzungumzisha kwa sauti ndogo kama vitabu vinavyoshauri: sasa tunachuja chai, sasa tunafunga dirisha. Alinitazama mdomo. Kisha alilia.

Jumapili ile ya Julai Helena alikuwa akichagua mchele kwenye ungo, Eveline amelala mgongoni. Alisema bila kuinua macho.

"Wifi, huyu mtoto hasikii."

"Hasikii nini?"

"Hasikii. Akiwa hapa mgongoni nikaimba, anatulia. Akiwa pale kwenye mkeka, kanipa kisogo, nikaimba wimbo huohuo, hata hajui kama nipo. Huyu anasikia mgongo."

"Mgongo hausikiwi, wifi."

"Haya." Alitupa jiwe dogo nje ya ungo. "Kalete hilo kopo lako basi."

Kanuni ya kipimo kile ninaifundisha kwa wanafunzi kila mwaka. Mtoto akae magotini, mbele yake awepo mtu wa kumshikilia macho, mpimaji asimame nyuma. Na aliyempakata asitikisike hata kidogo. Huwaambia: mama ni ukuta. Ili kuifuata ingebidi nifungue mbeleko, nimtoe Eveline mgongoni akiwa ndiyo kwanza ameamka, nimpakate au nimpe Paulo. Angelia. Angelia mikononi mwangu mbele ya Helena, dakika kumi na moja, na mwishoni ningemrudisha alikotoka. Basi nilimpima palepale mgongoni. Sababu nyingine haikuwepo.

Wiki iliyofuata nilimwambia Paulo kwamba mavuno ya Madibira yanamhitaji dada yake, si haki kumshikilia mjini. Paulo alinitazama kidogo, akanunua tiketi. Asubuhi ya safari Helena alifungua mbeleko, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya kiti.

"Nakuachia," alisema. "Atakudai."

Alipoondoka, Eveline alibadilika. Aliacha kugeuka mtu akiingia. Sauti za kubwabwaja alizokuwa ameanza zilipungua, badala ya kuongezeka. Nilikuwa na maelezo tayari: mtoto wa miezi minane huogopa kutenganishwa na mlezi wake, na jambo hili limeandikwa na watu wengi. Nikaandika kwenye daftari: anamkumbuka shangazi. Iliniuma kuandika hivyo, na kwa kuwa iliniuma niliiamini. Nilidhani neno linalomchoma anayelisema haliwezi kuwa uongo anaojitungia mwenyewe. Nilipoteza miezi kwa dhana hiyo. Mbeleko nilikuwa nimeitia sandukuni, chini ya mashuka.

Machi ya mwaka uliofuata, Ezekia alikuwa akiwafundisha wanafunzi wauguzi pale kliniki na alihitaji mtoto mzima wa kufanyia mfano. Nilimtoa wangu. Alikuwa na miezi kumi na mitano, anatembea, ana meno saba, uzito kwenye mstari wa kijani. Mwanafunzi mmoja alimpakata. Mwingine akachezesha leso mbele yake. Ezekia akasimama nyuma na kopo langu, akalitikisa upande wa kulia.

Hakuna kitu.

Akatikisa kushoto. Eveline aliendelea kutazama leso. Ezekia alichukua beseni la chuma, akaligonga kwa mkasi, na hapo mtoto akageuka mara moja.

"Ameitika, daktari," alisema mwanafunzi mwenye leso.

"Wewe dada uliyempakata," Ezekia alisema, "umeshtuka?"

"Samahani, daktari. Limelia ghafla."

"Basi aliyeitika ni wewe. Mtoto amegeuka kukuangalia wewe."

Akamwomba akaze mwili na asishtuke. Akagonga tena. Eveline alinyoosha mkono aishike leso.

Niliona bega la Helena. Nililiona kama lilivyokuwa Julai, likisogea kulia kidogo, kama linavyosogea bega la mtu yeyote anayetikisiwa kopo nyuma ya sikio, na juu ya bega lile kichwa kidogo kikilifuata. Nikaliona likisogea kushoto. Nilikuwa nimempima wifi yangu, nikaandika majibu kwenye kadi ya mwanangu.

"Vene," Ezekia aliniambia taratibu wanafunzi walipotoka, "nikuandikie rufaa, au utajiandikia?"

"Andika wewe," nilisema.

Mbeya walimpima akiwa amelala, kwenye chumba kisichopitisha sauti, nyaya tatu zimebandikwa kichwani. Daktari alikuwa mtu mpole wa Tukuyu aitwaye Anyitike. Alinionyesha mchoro bila kunizungusha, kwa kuwa alijua kazi yangu. Masikio yote mawili, tangu kuzaliwa inavyoelekea, sababu haijulikani. Hasikii mazungumzo. Husikia tu kinachotikisa. Mimi nilijua hesabu iliyobaki: ubongo wa mtoto unaanza kujifunza maneno kabla hajafikisha mwaka, na kila mwezi anaokaa bila sauti hukatwa kwenye fungu ambalo halirudishwi. Kutoka miezi saba hadi kumi na mitano ni miezi minane.

Alivuta jalada jipya, akauliza maswali ya kawaida. Alifika kwenye la nane.

"Nani aligundua?"

"Mimi," nilisema. "Mama yake."

"Akiwa na umri gani?"

"Miezi kumi na mitano."

"Mmewahi," alisema akiandika. "Wengi wanafika hapa na miaka minne. Bahati yake mama ni mtaalamu."

Nilimshukuru.

Julai ya 2022 tulikwenda Madibira, wote watatu. Eveline alikuwa na miaka mitatu na nusu, vifaa vya kusikilizia viwili nyuma ya masikio, na maneno arobaini na mawili, ambayo nilikuwa nayo kwenye orodha. Wenzake wana mamia. Paulo alikwenda kuwasalimu wazee. Helena alitukuta nje ya nyumba, penye turubai la mpunga. Alimzunguka mtoto, akaviangalia vifaa kama mtu anavyoangalia hereni za mwenzake.

"Ndiyo masikio yenyewe haya?"

"Ndiyo haya."

"Mbona madogo hivi?"

Kisha aligeuka, akainama. Hakumwita. Eveline, aliyeachana naye akiwa na miezi saba na ambaye kwa kila nilichosoma hakuweza kumkumbuka, alimtazama yule mwanamke aliyeinama, akapanda. Alikuwa mkubwa sasa, miguu ilining'inia. Helena akaanza kunguruma wimbo wake uleule usio na sauti nzuri. Mtoto akalaza shavu. Kikasumbua kile kifaa upande ule alioulalia. Akakichomoa sikioni, akanyoosha mkono akanikabidhi mimi, kama mtu anavyovua viatu mlangoni.

Nilikishika. Kilikuwa na joto lake.

"Ulisema kweli, wifi," nilisema. "Ile Jumapili."

"Najua."

"Nilipima vibaya."

"Ulipima kwa hasira." Alimpandisha mtoto juu kidogo. "Ukanirudisha nyumbani, eti mpunga unaningoja. Wifi, nilifika hapa mpunga upo kwenye magunia. Nilikaa mwezi mzima nafukuza kuku."

Nilisimama pale nikaupitia upya ushahidi wake wa Julai, uleule alionipa akichagua mchele. Wimbo mmoja. Mwimbaji mmoja. Mtoto mgongoni, kisha mtoto kwenye mkeka, amempa kisogo. Alikuwa amebadilisha kitu kimoja tu na kuviacha vingine vyote kama vilivyo. Lile lilikuwa jaribio, na lilikuwa na ulinganisho. Langu, pamoja na punje zangu ishirini, halikuwa nao. Na nikiwa nimekishika kile kifaa, nikimwona mwanangu amefumba macho mgongoni kwake, nilipata uchungu uleule wa zamani, haujapungua hata robo, na mwingine mpya juu yake: nilimwonea wivu hata kipimo chake.

Oktoba tulirudi Mbeya kwa ukaguzi wa kila miezi sita. Dakta Anyitike alipomaliza nilimwomba jalada, na kwa heshima ya kazi moja alinisogezea. Kwenye jalada la mgonjwa kosa halifutwi. Hukatwa kwa mstari mmoja, ili kilichoandikwa kwanza kiendelee kusomeka, na anayesahihisha huweka tarehe na sahihi. Nilikata mstari mmoja kwenye jibu la swali la nane. Juu yake niliandika: Helena, shangazi. Miezi saba.

Aliligeuza akasoma. Alisoma vyote viwili, cha juu na cha chini.

"Ulikuwa umemsahau?" aliuliza.

"Hapana," nilisema, nikafunga kalamu.