Twende Jashoni

Palikuwa na msusi ambaye wateja wake walimwita Kitana, naye alikuwa na sharti moja kwa kila kichwa kilichopita mikononi mwake: usitoke jasho.

"Nywele nimezipiga pasi, zimelala kama zimeambiwa," angesema huku akimgeuza mteja kwenye kioo. "Ukikimbia jasho likashuka, zitaamka zote. Usije kunililia hapa."

Nao wanawake wa mtaa walimsikiliza. Walitembea kama wamebeba mayai, ngazi walizipanda kwa vituo, na harusini walicheza kwa mabega tu.

Basi kikaja kipindi kichwa kikawa kinamgonga Kitana kila alipoamka. Akaenda zahanati. Daktari, mama wa makamo mwenye nywele zilizokatwa karibu na ngozi, alimfunga kipimo mkononi, akasoma, akafunga tena.

"Presha imepanda, dada. Haijafika pabaya, lakini njia imeshaiona. Unafanya mazoezi?"

"Nasimama kutwa nzima."

"Kusimama si mazoezi. Tembea haraka, ruka kamba, cheza muziki, chagua mwenyewe, ila moyo uende mbio kidogo na jasho likutoke. Na maji usisahau kunywa."

"Jasho?" Kitana alishika nywele zake kwa mikono miwili kama mtu aliyesikia upepo unakuja.

"Jasho."

Alirudi saluni amenyong'onyea. Angepitaje barabarani akivuja jasho, yeye aliyelipiga marufuku mtaa mzima? Mwisho akapata akili. Mchana, wateja walipopungua, alifunga mlango, akashusha mapazia, akabana madirisha. Kichwani akavaa kofia mbili za plastiki, zile za kuwavalisha wanaowekwa dawa ya nywele, akazikaza kwa kitambaa kizito ili hata tone lisipenye. Kisha akafungua kamba ya kuanikia taulo, akaanza kuruka.

Alichosahau ni ukuta. Ulikuwa wa mbao, na upande wa pili alikaa wifi yake, dada wa mumewe, fundi cherehani. Mawifi hawa walipendana kwa matani. Siku ikipita bila kuchokozana, kila mmoja alidhani mwenzake anaumwa.

"Wifi," fundi alimuuliza siku moja, uzi ukiwa mdomoni, "mchana ulikuwa unapigana na nani?"

"Nilikuwa nasogeza viti."

"Viti vinahema?"

Kitana akaendelea kuruka kwa siri. Lakini ikaja siku ya joto, mabati yanalia juu, ndani ya saluni hapapiti hata pumzi. Aliruka, akaruka, akaona taulo zinazunguka. Kichwa kikachemka kama chungu kilichofunikwa. Akapepesuka, akaangukia mashine ya kukaushia nywele, nayo ikaenda chini pamoja na trei la rola za kusokotea nywele.

Wifi mtu aliposikia kishindo, alijua ni wezi. Akanyakua mkasi wake mkubwa, akausukuma mlango kwa bega mpaka komeo likang'oka.

"Yuko wapi?" alifoka. "Kaelekea wapi?"

"Nani?" Sauti ilitoka chini ya rundo la taulo.

"Mwizi!"

"Hakuna mwizi, wifi. Ni... ni mazoezi."

Fundi alitupa mkasi. Alifungua madirisha yote, akamvua mwenzake kitambaa, kofia ya kwanza, kofia ya pili, na jasho likamwagika kama beseni lililopinduliwa. Alimpepea kwa kipande cha boksi, akamnywesha maji kidogo kidogo. Alipoona macho yametulia, ndipo akakaa sakafuni katikati ya rola, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kitana naye akashindwa kujizuia.

Hata hivyo wifi alimburuta zahanati jioni ileile.

"Nilikwambia utoke jasho," daktari alisema, "sikukwambia ujipike. Jasho linaupoza mwili linapokauka juu ya ngozi. Ukilifungia, joto litakwenda wapi?"

"Kwani si ndilo linalotoa maradhi?" fundi akadakia.

"Ni maji na chumvi. Kinachotibu ni ule mwendo. Jasho linakwambia tu kwamba mashine inafanya kazi na inajipoza, ndiyo maana unarudisha maji uliyopoteza."

"Na nywele zangu?" Kitana aliuliza kwa sauti ndogo.

Daktari alijipapasa kichwa. "Mimi zangu nilizinyoa. Lakini wewe ndiye fundi wa nywele. Umeshindwa?"

Njiani wifi hakumwacha. "Unasuka dunia nzima, kichwa chako kimekushinda!" Na kweli, mganga hajigangi. Ikabidi Kitana akae kwenye kiti cha wateja, fundi cherehani asimame nyuma yake na kitana. Alijua mtindo mmoja tu, ile mistari ya haraka ya kurudi nyuma iitwayo twende kilioni.

"Huu wa kushoto mbona umepinda?"

"Umepitia dukani kwanza. Tulia." Alipomaliza alimpiga begani. "Kilioni atakwenda nani? Hii ni twende jashoni."

Asubuhi walitoka pamoja, mawifi wawili, mchana kweupe, mikono inapepea. Jasho lilimtiririka Kitana usoni, akalifuta kwa kiganja, akaendelea. Mteja wake mmoja aliyekuwa akifagia kibaraza aliacha ufagio.

"Kitana! Si ulitukataza?"

"Niliyefunga ni mimi, na ninayefungua ni mimi. Njoo mchana nikusuke."

Wakaja, mmoja, wawili, hata ikabidi aongeze benchi. Mistari aliyosuka Kitana mwenyewe ilinyooka, na bado kila aliyeketi aliomba kwa jina: twende jashoni. Asubuhi barabara ikajaa wanawake wanaohema na kucheka, chupa za maji mikononi. Kitana akaanza kulala usingizi mzito, na kichwa hakikumgonga tena.

Aliporudi kupimwa, daktari alitabasamu. "Imeshuka. Endelea hivyohivyo."

"Nipime na mimi," wifi alisema, akikunja mkono wa gauni kwa mbwembwe. Daktari alipima, akapima tena.

"Ya kwako ndiyo imepanda. Si mnatembea pamoja?"

"Huyu?" Kitana alidakia. "Anatembea huku anasimulia. Kila akifika penye utamu, anasimama!"

"Basi dawa ni kupunguza maneno," daktari alisema.

Wifi alishusha mkono wa gauni taratibu. "Daktari," alisema, "hakuna sindano?"