Maji ya Katibu

Mwaka ule wa vita petroli ilikuwa haipatikani, na Protasi, katibu wa kijiji kimoja cha ujamaa huko Biharamulo, alijiona ana akili kuliko wote. Ndiye aliyewasomea watu amri: mafuta yakae mbali na nyumba, nyama ichomwe hatua ishirini kutoka kwenye paa la nyasi. Mwenyewe alificha petroli ya trekta ndani ya mtungi wa maji, barazani, ili wezi wasishtukie. Siku ya kupokea askari akachoma mbuzi palepale.

Mafuta ya mbuzi yakadondoka, moto ukaruka. Suzana, binti wa jirani yake Ildefonsa, akakimbilia mtungi, akachota kata nzima. Protasi alimwona, akanyamaza kimya.

Ildefonsa akanusa. Akamdaka mwanawe mkono, akamvuta nyuma, kisha akaufukia moto kwa udongo.

"Katibu, ulikuwa unamwangalia tu mwanangu?"

"Taratibu, Mama Suzana," Protasi akanong'ona. "Wageni watasikia."

"Kumbe unaogopa wageni, moto huuogopi!" Akawageukia askari. "Baba zangu, karibuni mnuse maji ya katibu wetu!"