Vidonge vya Nyumba Nzima

Shangazi alitangaza safari ya mdogo wangu akiwa na pasi mkononi. Hakumtazama mtu. Alisema Jumamosi Kijiti atapanda basi arudi kwa baba, ameshapiga simu, kisha akanyunyizia maji shuka la mteja na kuendelea na kazi kama aliyetaja bei ya sabuni.

Kijiti alikuwa na miaka minane. Jina hilo alipewa na Shangazi siku tulipofika, kwa sababu ya miguu yake. Kwa baba hakukuwa na mahali pake. Mke wa baba alimlaza jikoni, na shule alikwenda siku mama huyo akipenda. Ndiyo maana nilimwomba Shangazi atuchukue sote wawili, mimi nimsaidie kazi ya udobi, mdogo wangu asome. Nilijua akirudi kule hatatoka tena.

Kosa lake lilikuwa mkono. Kwa wiki kadhaa hakuwa akitulia. Kitandani alijipinda kama samaki aliyetolewa majini, akasaga meno, na alianza tena kukojoa, yeye aliyekuwa ameacha zamani. Mchana alisinzia darasani. Na mkono kila mara ulikwenda nyuma, ndani ya chupi. Shangazi alimkuta hivyo mbele ya mteja aliyekuja kuchukua mapazia. Akamchapa. Akasema mtoto ana tabia chafu, kuna mtu ameshamfundisha mambo, na nyumba yake haifugi mambo. Kijiti alilia akisema kunawasha, lakini nani alikuwa na masikio? Jioni ile Shangazi alimvisha soksi mikononi na kuzifunga kwa kamba.

Alhamisi nilitumwa zahanati kupeleka sare za wauguzi tulizopiga pasi. Nikasema Kijiti atanisaidia kubeba. Sare zilikuwa tatu, hata paka angezibeba, lakini Shangazi alikuwa anahesabu vibanio, hakuuliza.

Nesi aliyezipokea alikuwa mama mnene mwenye mzaha mwingi. Alipomaliza kuzikagua nilibaki nimesimama. Akaniuliza kama nimeota mizizi. Nikamwambia kwa sauti ndogo kwamba mdogo wangu anawashwa huku nyuma.

"Nyuma ya wapi, binti? Nyuma ya nyumba?"

Kijiti akacheka, kisha akageuka na kuonyesha mwenyewe. Hapo nesi aliacha mzaha, akafunga mlango.

Aliuliza mengi. Anawashwa zaidi saa ngapi? Analala na nani? Anatafuna kucha? Kijiti alificha mikono mgongoni, na hilo likawa jibu. Kisha akamuuliza taratibu, wao wawili tu pale dirishani, kama kuna mtu yeyote anayemgusa. Kijiti alitikisa kichwa. Mimi nilibaki mlangoni nimeshika kitasa.

Nesi alisema anadhani ni minyoo, ile midogo myeupe kama uzi. Jike hutoka usiku mtoto akilala, hutaga mayai pale pale nje, ndipo panawasha. Mtoto akijikuna, mayai yanaingia kwenye kucha, kucha zinaingia mdomoni, mzunguko unaanza upya. Mayai mengine yanabaki kwenye shuka. Akaniagiza nimwangalie alfajiri kabla hajaoga wala kwenda chooni, nikiona kitu nirudi.

"Na nyinyi madobi," akasema, "shuka zenu wenyewe mnafua vipi?"

Niliona aibu. Za wateja tunazichemsha kwenye pipa na kuzipiga pasi ya moto. Zetu tunafua mwisho, kwa maji yaliyobaki, yameshapoa, na hazijawahi kuona pasi. Asubuhi Shangazi huzikung'uta chumbani kwa nguvu ili kutoa vumbi, na tunakula hapo hapo.

Alfajiri ya Ijumaa nilimlaza Kijiti kifudifudi nikamulika tochi. Mwanzoni sikuona kitu. Halafu kipande cha uzi mweupe, kifupi kama ncha ya kucha, kikajikunja chenyewe. Kijiti aliuliza kama ni kibaya. Nikamwambia ni kidogo kuliko kibaya, akaridhika.

Asubuhi ile ile nilirudi zahanati. Nesi alinipa vidonge vya kutafuna, kimoja kwa kila mtu wa nyumba, baada ya kuhakikisha hakuna mwenye mimba. Tule wote siku moja, kisha turudie wiki mbili baadaye, maana kidonge kinaua minyoo lakini mayai kinayaacha. Akitibiwa mmoja peke yake, wengine watamrudishia. Alisema wakubwa ndio wabishi, wengine wanawashwa wanajidanganya ni bawasiri.

Njia nzima neno hilo lilinisumbua. Mwezi ule Shangazi alikuwa amenituma duka la dawa mara nyingi ninunue tyubu ya kupaka, ya bawasiri, nikiambiwa niseme ni ya bibi mmoja mzee wa jirani. Na jirani kote hatuna bibi mzee.

Nilimkuta anapiga pasi foronya. Niliweka vidonge mezani nikaeleza yote, macho kwenye kopo la maji. Nilieleza vibaya, nikirudia rudia. Aliposikia neno minyoo alikwenda kufunga dirisha.

"Mpe yeye chake," alisema. "Mimi na minyoo wapi na wapi?"

Nikasema nesi anataka wote.

"Nesi atanilisha? Mimi ni dobi. Watu wananiletea shuka wanazolalia. Wakisikia humu ndani kuna minyoo, nani ataniletea hata leso?" Alishusha sauti. "Mpe mtoto chake, na kesho safari iko pale pale. Ameniletea balaa."

Kijiti alikuwa mlangoni na mkoba wa shule, amesikia. Hakulia. Alianza kutafuna kidole gumba. Nikaona kwamba nikinyamaza dakika ile, atakwenda na minyoo yake hadi jikoni kwa mke wa baba, na huko atachapwa upya kwa mkono ule ule. Nilikuwa sijawahi kumjibu Shangazi. Hata salamu yake naiitikia chini chini.

"Yule bibi mzee wa tyubu," nikasema. "Naye atafune, Shangazi. Tyubu haitamponya."

Aliniangalia. Mkono wenye pasi ulisimama juu ya foronya bila kuigusa, na makaa yalikuwa yakilia ndani. Nilingoja kofi. Nilikuwa nimeshafumba jicho moja.

"Umemwambia nesi?"

"Hapana. Nimesema tuko watatu tu."

Aliiweka pasi kwenye kigae chake. Akavuta kiti, akataka kukaa, akabadili mawazo akabaki amesimama. Uso wake ulikuwa umechoka ghafla, kama mtu aliyetua mzigo lakini mgongo haujaamini. Alisema yeye alidhani ni kansa. Alisema hivyo akitazama ukuta, mara moja tu, na sikuwahi kumsikia akirudia.

Kisha akachukua kidonge akakitafuna, akikunja uso, akasema kina ladha ya chokaa yenye sukari. Sisi nasi tukatafuna. Akaagiza pipa liwashwe, shuka zetu zitangulie leo, wateja wangoje, na mtu asikung'ute kitu humu ndani. Alitandika gazeti sakafuni, akapiga magoti mbele ya Kijiti na wembe wa kukatia nyuzi, akaanza kumkata kucha, taratibu sana kwa mtu mwenye mikono ile.

"Na kesho?" Kijiti aliuliza.

"Kesho unasuuza. Wiki mbili zijazo kuna kidonge kingine, kule nani atakupa?"

"Na baada ya hicho?"

Shangazi alipuliza vipande vya kucha vilivyonata kwenye wembe, kisha akakumbuka, akavifuta kwa kitambaa kibichi.

"Baada ya hicho kuna shule," alisema. "Lete mkono mwingine."