Kikao cha Vibamba Viziwi

Ndoto hii Nyemo Chilewa aliiota jana mchana, akiwa amejilaza kwenye kochi la mapokezi, ameshiba ugali na mlenda, na hasemezani na mumewe.

Nyemo na mumewe, Yoram, wana nyumba ndogo ya wageni pale Msalato, nje kidogo ya mji wa Dodoma. Vyumba vyenyewe si vingi, ila ua ni mkubwa, na katikati ya ua kuna bwawa la kuogelea ambalo Yoram analipenda kama mtoto. Zamani walikuwa wakilitia klorini ya unga, wanachota kwenye ndoo na kumwaga. Wageni wakawa wanatoka majini macho mekundu kama watu waliotoka kukatakata vitunguu. Ndipo Yoram akaleta mashine ya chumvi.

"Ni hivi, Mama Tabea," alimweleza mkewe siku aliyoifunga. "Tunamwaga chumvi bwawani, chumvi ya kawaida tu. Maji yanapita kwenye hii mashine, na humu ndani mna vibamba vya chuma vyenye umeme. Umeme unaitenganisha ile chumvi, inatoka klorini, inakwenda kuua vijidudu. Ikimaliza kazi inarudi kuwa chumvi tena. Inazunguka hivyo hivyo."

"Kwa hiyo tunapika supu," Nyemo alisema.

Kwa miezi kadhaa supu ilikuwa nzuri. Maji yalikuwa laini, meupe, hayawashi macho. Kisha wiki hii, bila sababu yoyote, yakaanza kugeuka kijani. Yoram aliongeza chumvi. Akasugua kuta, akaosha chujio, akaongeza chumvi nyingine. Maji yakazidi kuwa kijani, mpaka hatua ya mwisho ya ngazi ikawa haionekani.

Na Jumamosi wanakuja wauguzi wastaafu kutoka Singida, nyumba nzima wameichukua wao. Kiongozi wao, Sista Filomena Mghenyi, alipiga simu jana asubuhi akiwa na furaha ya bibi harusi.

"Mama Tabea, tumeshashonesha sare za kuogelea! Za zambarau! Daktari kaniambia haya magoti yangu dawa yake ni maji, nami nimewaambia wenzangu, maji ni ya Msalato."

Nyemo alisema karibuni sana. Akakata simu, akatoka nje, akamkuta Yoram amechuchumaa kando ya bwawa na kofia yake ya chepeo, anaongea peke yake. Fundi wa pampu alikuwepo, na wageni wawili walikuwa wakinywa chai barazani. Mbele ya wote hao Nyemo akasema:

"Huyu mtu chochote anachokigusa kinaota kuvu."

Wageni walicheka. Fundi naye alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Yoram aliinuka, akaishusha kofia usoni, akaenda kukaa kwenye kibanda cha pampu. Chakula cha mchana alichopelekewa kilirudi kama kilivyokwenda.

Nyemo alikula cha kwake chote, akajilaza kwenye kochi, akafumba macho.

Hapo hapo kuna mtu anapiga hodi.

"Karibu," anasema Nyemo.

Wanaingia mume na mke wameshikana mikono. Mume amevaa suti ya rangi ya limau bichi na ananukia kama shuka zilizotoka kufuliwa. Mke ni mfupi, mnene, anang'aa kama sufuria mpya. Nyuma yao kuna foleni ya wanandoa wengine wanaofanana nao kila kitu, na foleni hiyo imetoka getini hadi barabara kuu.

"Majina yenu?"

"Mimi Bwana Klorini," anasema mume. "Huyu mke wangu, Bi. Sodiamu. Tukiwa pamoja tunaitwa Chumvi."

"Na hao wengine?"

"Nao ni Chumvi. Ni sisi, ila wengine."

Nyemo anaona jibu hilo linatosha. "Mnataka vyumba?"

"Tunataka kutengana," anasema Bi. Sodiamu.

Nyemo anawavutia viti. Ameshasuluhisha ndoa nyingi kanisani kwao, anajua pa kuanzia. "Mmegombana?"

"Hata kidogo," anasema Bi. Sodiamu, na anamfuta mumewe vumbi begani. "Tunapendana sana. Hii ni ya kikazi. Yeye anatoka, anaua vijidudu, anarudi. Mimi namsubiri. Akirudi tunaoana upya."

"Kila siku?"

"Kila mara. Harusi ndogo ndogo tu, hatualiki watu."

"Sasa kinachowazuia ni nini?"

"Baraza," anasema Bwana Klorini. "Bila baraza la vibamba hatuwezi kutengana. Tumelieleza wiki nzima. Tunaambiwa tu ahsanteni kwa kuja."

"Twendeni," anasema Nyemo. Anafungua kabati la mashuka achukue mtandio wake, na ndani ya kabati ni chini ya bwawa. Anavua viatu, anaingia.

Chini kule ni kijani kila upande. Pumzi anavuta kama kawaida. Watu wa kijani wamejilaza kwenye magodoro, wanakula karanga na kutupa maganda. Katikati yao ameketi bibi mmoja mnene, nywele zake ndefu za kijani zimetanda mpaka ukutani.

"Karibu, mwanangu," anasema bibi huyo. "Mimi ni Bibi Mwani. Kaa popote, hapa hafukuzwi mtu."

"Nani kawaalika?" Nyemo anauliza.

"Jua."

"Na mtaondoka lini?"

"Akitoka wa kututoa." Bibi Mwani anatafuna karanga. "Lakini hatoki. Tumeshaagiza na makabati."

Nyemo anaona kweli makabati yanashushwa. Anaharakisha.

Mlangoni pa baraza amesimama Kipimo, kile kijiti chembamba ambacho Yoram hukichovya majini asubuhi. Leo kimevaa sare ya askari na kimekunja uso.

"Simama hapo, mama. Kanuni inasema maji ya bwawa yawe na chumvi kidogo kuliko machozi. Lazima tulinganishe."

"Basi linganisha."

"Maji ninayo. Machozi sina. Lete."

Nyemo anajaribu. Anafikiria msiba wa shangazi yake, hakuna kitu, maana shangazi alikuwa mchekeshaji na hata msibani watu walicheka. Anafikiria lile sufuria la pilau lililoungua siku ya kipaimara cha Tabea. Anaumia, ila hatoi chozi. Foleni ya kina Chumvi nyuma yake inakohoa kwa adabu.

Kisha anamwona Yoram. Hayupo pale, lakini anamwona: anaishusha kofia usoni, anatembea kuelekea kibanda cha pampu, huku wageni wanacheka na vikombe vyao mkononi. Anatembea taratibu kama mtu aliyebeba kitu anachoogopa kisimwagike.

Chozi linatoka lenyewe.

Kipimo kinalilamba. Kinalamba na maji. Kinatafakari.

"Chozi limezidi kwa mbali. Pita. Na umwambie mumeo chumvi ilishatosha tangu mwanzo wa wiki, anaongeza bure."

Ndani ya baraza ni darasa la nne alilosomea Nyemo, na ubao ni ule ule wenye ufa. Vibamba wamekaa kwenye madawati, mmoja nyuma ya mwingine, warefu, wembamba, wamenyoosha migongo. Wote ni weupe kuanzia utosini hadi kidevuni, kama waliojipaka unga. Wa mbele kabisa ndiye Mwenyekiti.

"Waheshimiwa," anasema Nyemo, "wanandoa hawa wanaomba kutengana."

"Kupangana?" anauliza Mwenyekiti. "Wapangane tu, nje kuna nafasi."

"Kutengana!"

"Kutangaza? Tangaza, mama, tunakusikiliza."

"KUTENGANA!"

Vibamba wanatazamana kwa aibu. "Kutongozana ni mambo ya vijana," anasema Mwenyekiti. "Baraza hili haliingilii. Ahsanteni kwa kuja."

"Unaona?" Bwana Klorini anamnong'oneza Nyemo. "Wiki nzima."

Nyemo anasogea karibu. Anamshika Mwenyekiti kidevu, anamgeuza kichwa kama anavyomgeuza mtoto anayetoka kuoga. Sikio limeziba. Ndani yake mna kitu cheupe, kigumu kama jiwe. Anachungulia la pili, nalo vivyo hivyo. Anaonyesha kwa kidole: hiki ni nini?

"Ah, hiyo," anasema Mwenyekiti. "Chokaa. Maji ya visima vya huku kwenu yana chokaa nyingi, mama. Mwanzoni tulikuwa tunaisikia ikiingia. Baadaye hatukusikia kitu."

"Mbona hamkusema?"

"Eh?"

Nyemo anarudia kwa mikono. Mwenyekiti anaelewa, anatikisa kichwa.

"Tungemwambia nani? Yule bwana wa kofia anakuja kila asubuhi, anachuchumaa pale juu, anatusemesha. Hatumsikii. Tunaona midomo tu. Ninavyomtazama, nadhani anatuomba radhi. Ni mtu mwema, sijui kwa nini amekonda."

Nyemo anakunja mikono ya blauzi.

"Tumia bisibisi," anashauri Bi. Sodiamu. "Chokonoa."

"Sikio la mtu halichokonolewi kwa bisibisi," anasema Nyemo. Anaingiza mkono kwenye kitenge chake, anatoa chupa ya siki ya jikoni na kitambaa cha kufutia vyombo. Havikuwemo, lakini vimetoka. Anazimua siki kwa maji, anaidondoshea sikioni taratibu. Chokaa inachemka, inatoa povu. Mwenyekiti anaruka kwenye dawati.

"Inatekenya! Mama, inatekenya!"

"Tulia, baba. Mtu mzima wewe."

Anamwosha sikio la kulia, anamwosha la kushoto, anamfuta uso, shingo na mgongo. Weupe unashuka wote pamoja na povu, na Mwenyekiti anabaki anang'aa hata darasa linapata mwanga. Anageuza kichwa huku na huku. Macho yanamtoka.

"Nasikia pampu," anasema kwa sauti ndogo. "Nasikia mtu anatafuna karanga." Anawageukia wanandoa. "Na ninyi nawasikia. Mlisema kutengana?"

"Ndiyo!" wanajibu kwa pamoja.

"Si mngesema tangu mwanzo. Imekubaliwa."

Bwana Klorini anambusu mkewe kwenye paji la uso, anavua koti, anatoka mlangoni mbio. Huko nje Bibi Mwani anasikika akisema, "Nani huyo anayekuja? Haya, kunjeni magodoro! Hayo makabati yarudisheni!"

Nyemo anapiga makofi. Lakini Mwenyekiti ananyoosha mkono.

"Bado, mama. Mmoja si baraza. Wenzangu hawa hawasikii, na bila akidi huyo ni wa kwanza na wa mwisho leo. Waoshe wote."

Nyemo anachovya kitambaa, anamgeukia kibamba wa pili. Anamshika kidevu. Kibamba wa pili anafumbua mdomo na kusema kwa sauti anayoifahamu vizuri:

"Mama Tabea."

"Nakuja, zamu yako imefika."

"Mama Tabea. Amka."

Aliamka. Yoram alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Nimeamua nimpigie Sista Filomena," alisema bila kumtazama. "Nimwambie wasije. Waende kwingine kuliko waje kuona aibu."

Nyemo aliketi. Jua la alasiri lilikuwa limefika miguuni pake. "Usipige," alisema. "Kwanza nisamehe kwa neno nililosema asubuhi."

"Lipi?"

"La kuvu."

Yoram aliigeuza kofia mara mbili tatu. "Kijani si kimeota kweli."

"Kimeota, lakini si kwa mkono wako. Na hata ingekuwa kwa mkono wako, mimi ni mkeo, sikupaswa kuwachekesha watu kwa jina lako. Nisamehe, Baba Tabea."

Yoram alisema, "Yamekwisha," na kwa namna alivyoivaa tena kofia, ikiwa imekaa upande, Nyemo akajua kweli yamekwisha.

"Sasa njoo uzime umeme wa ile mashine, uifungue. Nataka kuona vibamba."

"Vibamba vina nini? Taa yake inawaka vizuri."

"Fungua tu."

Walikwenda wote wawili. Yoram alizima umeme na pampu, akafungua nati zake za plastiki kwa mkono, akalichomoa bomba lenye vibamba na kuligeuzia juani. Akapiga mluzi.

"Haki ya Mungu! Angalia chokaa hii! Umeme utapita wapi hapa? Nami naongeza chumvi, naongeza chumvi..." Alianza kucheka, cheko la mtu aliyetuliwa mzigo. Kisha akakatisha. Akalisogeza bomba karibu na macho.

Vibamba vyote vilikuwa vimegandwa na weupe mzito, isipokuwa kimoja. Cha kwanza, cha mbele kabisa, kilikuwa safi pande zote mbili, kinang'aa hata kofia ya Yoram ilionekana ndani yake. Kilikuwa bado na matone. Yoram alikinusa.

"Hiki kinanuka siki," alisema. "Mama Tabea, nani ameifungua hii mashine?"

Nyemo alikuwa ameshageuka, anaelekea jikoni kufuata chupa.

"Hivyo vilivyobaki usivikwangue," alisema bila kugeuka nyuma. "Na ukiviosha uvishike vizuri. Vinatekenyeka."