Maoni Kumi na Moja ya Kitabu cha Mrusi

"Huyu ni nani?" aliuliza Bwana Fanueli, karani mkuu wa boma, akigusa kwa ncha ya kalamu nyekundu alama ya kidole iliyogongwa chini ya maneno katika daftari.

Isihaka, mtunza chumba cha kusomea, aliitazama alama ile kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Mwenye alama alimjua vizuri sana. Gumba lile lilikuwa na kovu katikati, kovu la jiwe, na mwenye kovu alikuwa Jailos, mwashi wa serikali. Lakini alisema alama ni nyingi, na macho yake siku hizi si ya kutegemea.

Bwana Fanueli hakucheka wala hakukasirika. Alisoma polepole yaliyoandikwa: "Mlinzi wa mlango amekosea kushindana na wakubwa peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa. Wote wangeweka zana chini siku moja tu, mlango ungefunguliwa bila kelele." Chini ya maneno "zana chini" palikuwa na mistari miwili myekundu.

"Bwana Shauri ameyasoma yote," alisema, akielekeza kalamu kwenye mlango wa mkuu wa wilaya. "Anataka jina la kila mmoja. Kumi na moja. Utaniletea Jumatatu, saa tatu asubuhi."

Kisha akavuta mtoto wa meza akamwonyesha karatasi iliyopigwa taipu. Isihaka aliisoma ikiwa kichwa chini miguu juu, na hata hivyo aliiona Iringa mara moja. Ilikuwa barua yake ya uhamisho. Ilikuwa imekamilika isipokuwa sahihi.

"Sahihi ni ya Bwana Shauri," alisema Fanueli, akarudisha mtoto wa meza taratibu.

Isihaka aliteremka kutoka bomani na daftari kwapani, ile baridi ya Juni ya Mbeya ikimng'ata masikio. Alitaka kumlaumu mtu, na kila alipomtafuta wa kumlaumu alijikuta mwenyewe. Maana daftari lile hakuna aliyeliomba. Alilipeleka yeye, kwa miguu yake, pamoja na taarifa ya mwaka, ili wakubwa waone jinsi chumba chake cha kusomea kilivyochangamka. Na juu ya ukurasa aliandika kwa mwandiko wake mzuri uliokuwa ukisifiwa mji mzima: *Kitabu cha Mrusi. Kimependwa mno.* Alidhani sifa hiyo itaifanya barua ya uhamisho ikimbie. Nayo kweli ilikimbia, ikafika mezani, ikasimama.

Chumba cha kusomea kilikuwa nyuma ya soko: benchi sita, kabati moja na dirisha linaloutazama mlima Loleza. Kazi ya Isihaka ilikuwa kufagia, kuandika nani kaazima nini, na zaidi ya yote kuvitibu vitabu, kwa kuwa vingi vilimfikia vikiwa mahututi. Alipika gundi ya unga wa ngano kwenye kopo, akashona migongo kwa uzi wa kushonea magunia, akavika majalada ya kitambaa cha magunia ya sukari. Kile cha Mrusi kilikuja katika sanduku la vitabu alivyoacha Mzungu mmoja wa machimbo. Kilikuwa kimetafsiriwa kwa Kiingereza, hakina jalada, na kurasa za mwisho zilikuwa zimeliwa na mchwa. Isihaka alikishona, akakisoma, akashindwa kulala siku mbili.

Ni hadithi ya mji uliochimbwa ndani ya nyota ya mbali, ambako hata hewa hutengenezwa kwa mashine. Mji una mlango mmoja wa chuma. Mlinzi wake amefundishwa tangu utotoni kwamba nje hakuna hewa, na atakayefungua ataua watu wote. Siku moja, kwenye ufa wa mlango, anaona jani bichi limepenya kutoka nje. Anaweka mkono kwenye komeo. Hapo ndipo mchwa walipoanzia.

Jumamosi mchana, watu wakitoka kazini na sokoni, Isihaka aliwasomea kwa Kiswahili, akifasiri papo kwa papo. Baada ya kila kitabu palikuwa na desturi: msikilizaji anasema maoni yake, Isihaka anayaandika, mwenyewe anagonga gumba badala ya jina, kwa wino wa zambarau wa muhuri. Desturi ilianzia kwa wasiojua kuandika, lakini waliojua nao wakaidai. Mahali pengine kote gumba liligongwa kwa kodi au mkataba wa mashambani. Hapa liligongwa kwa neno la mtu mwenyewe, na watu walitoka wamekiinua kidole chao chenye rangi kama walioolewa jana.

Kitabu cha Mrusi kiliwagawa. Saulo, mwalimu wa dini wa Walutheri, alisema mji usio na siku ya kusali hauwezi kudumu. Msangu mmoja aliyeleta ng'ombe mnadani kutoka Rujewa alisema watu wale wana huzuni kwa sababu hawafugi. Kudra muuza maandazi aliinuka na kanga yake kiunoni akasema: "Andika hivi, mwalimu. Mimi mama wa watoto sita nauliza, humo ndani nani anapika, na moshi unatokea wapi? Kama moshi unatoka, basi na hewa inaingia. Huyo mlinzi wanamdanganya." Watu walimpigia makofi. Yeye Isihaka hakuandika maoni yake. Alisema mwenye duka halambi asali ya dukani.

Jioni ile ya Ijumaa, baada ya kutoka bomani, alikaa na barua ya mwisho ya Zuena, mkewe. Zuena alikuwa Iringa, mtaa wa Mshindo, akimuuguza mama yake aliyepooza upande mmoja na asiyeweza kupandishwa basi. Miaka miwili na nusu. Mtoto wao alizaliwa huko, na Isihaka alikuwa amemwona mara mbili. *Mwanao amejua kula mwenyewe*, aliandika Zuena. *Ila kila asubuhi anaichukua picha yako anailisha uji. Nimechoka kuifuta.*

Isihaka alilia, na hakuona aibu. Kuacha kazi hakuweza, kwa kuwa dawa za mkwewe zilitoka kwenye mshahara ule. Kuandika majina kulikuwa kazi ya dakika kumi. Jailos alikuwa ameshaonywa na boma mara moja kwa maneno kama hayo, na la pili halingekuwa onyo. Wengine huenda wangeitwa tu, wakaulizwa maswali, wakaachwa. Huenda. Alilirudia neno hilo mpaka likaisha ladha. Kuchana ukurasa nako hakukuwezekana, kwani kila ukurasa ulikuwa na namba na muhuri wa boma.

Jumapili asubuhi, Saulo na waumini wake wakiwa kanisani na mji umetulia, alikwenda kwenye chumba cha kusomea akajifungia. Alitoa kidau cha wino. Aliliweka gumba lake juu ya gumba la Jailos akalikandamiza, akalizungusha kidogo kushoto na kulia kama anayeua chawa, mpaka kovu likapotea. Kisha juu ya gumba la Kudra. Kisha la Msangu wa Rujewa. Alikuwa na gumba pana, kazi ya gundi na uzi ilikuwa imelipanua, na kila alama aliifunika yote. Pembeni mwa kila moja aliandika jina kwa ule mwandiko wake mzuri.

Jumatatu saa tatu Bwana Fanueli alilifungua daftari, akafunua ukurasa, akafunua mwingine.

"Isihaka," alisoma. "Isihaka. Isihaka. Umenifanya mtoto?"

"Hapana, Bwana Karani. Umetaka majina ya wenye maoni. Mwandiko ni wangu, kidole ni changu."

"Huyu wa chawa?"

"Ni mimi."

"Huyu anayesema hawana ng'ombe?"

"Ni mimi."

Fanueli alishusha sauti, akatazama mlango wa Bwana Shauri. "Na hapa. 'Mimi mama wa watoto sita.'"

"Ni mimi pia."

Usoni mwa Fanueli kicheko kilitaka kuja, kikashindwa, pakabaki kitu kingine kizito zaidi.

"Unajua Iringa ni mbali kiasi gani?" aliuliza.

Fanueli alivuta mtoto wa meza, akaitoa ile barua, akaikunja mara mbili na kuitia chini kabisa ya faili nyingine. Kisha akalichukua daftari akaingia nalo kwa Bwana Shauri. Hakusikika akigombana.

Mchana amri ilikuja kwa maandishi. Isihaka hakufukuzwa, maana hapakuwa na mwingine wa kushona vitabu, na mtu wa namna hiyo, ilisemwa, ni heri awe karibu anaonekana. Atabaki Mbeya hadi itakapoamuliwa vinginevyo. Kitabu na daftari vilichukuliwa. Usiku huo alimwandikia Zuena kwamba uhamisho umekwama, bila kusema sababu, na chini ya barua gumba lake likaacha alama ya zambarau aliyoshindwa kuifuta.

Jumamosi hakumtarajia mtu. Alipoingia baada ya adhuhuri alikuta benchi zimeshajaa, wengine wamekaa sakafuni. Jailos alikuwa mstari wa mbele, kofia mapajani, mkono wa kulia ameuficha chini ya hiyo kofia. Kudra aliweka sahani ya maandazi juu ya meza bila kusema ni ya nini. Hakuna aliyetaja boma, ingawa habari za daftari zilikuwa zimeshazunguka soko zima.

Isihaka aliufunga mlango kwa sababu ya baridi, akakaa. Mikono yake ilizoea kushika kitabu saa hizo, ikakaa wazi mapajani, mitupu.

"Tulifika wapi?" aliuliza.

"Mlangoni," alisema Kudra. "Ameshika komeo."