Wajomba Wote wa Mutsamudu

Mume wangu Zoubeir ana ubishi wa mafundi wa kompyuta na upole wa mtu aliyelelewa na dada saba. Asubuhi ile ofisini kwake, karibu na soko la Volo Volo, ubishi nilikuwa nimeshauchoka, na upole nao nilikuwa mbioni kuuchoka.

"Housna, kaa," aliniambia. "Ukinisimamia mgongoni vidole vinatetemeka."

"Vitetemeke. Anayetafutwa ni mama yangu, si mbuzi."

Ilikuwa Disemba ya mwaka tisini na nane. Kisiwa chetu cha Nzuani kilikuwa na mwaka na zaidi tangu kijitenge na Komoro, na siku zile watu wake wenyewe kwa wenyewe walikuwa wamepigana mjini Mutsamudu, katika vichochoro ambavyo watu wawili wanene hawapishani. Simu zilikuwa zimekatika na boti haziendi. Iliyobaki ni redio ya chama cha msaada anachofanyia kazi Zoubeir. Mtu wa kule anasoma salamu za watu, na huku Moroni karani Moindjié na wenzake wanazisikiliza na kuziandika kwa Kifaransa kwenye kompyuta, kila ujumbe mstari mmoja. Mafaili yalikuwa mamia. Zoubeir ndiye mtunzaji wake, na mimi nilikuwa nimekuja naye kwa teksi kutoka Ikoni, nikaapa sitoki humo mpaka nijue kama mama yangu yu hai.

"Tukiyafungua moja moja tutafika Idi," alisema. Kwenye kioo cheusi akaandika neno grep, kisha jina langu. "Hii inapita ndani ya mafaili yote na kuleta kila mstari wenye neno ulilolitaja. Herufi kubwa au ndogo, haijali."

Ikaleta akina Housna wawili. Mmoja alikuwa anaulizwa na mumewe, mwingine ndiyo kwanza amezaliwa. Akajaribu Husna, akajaribu Hosna, maana majina yetu sisi kila karani huyavisha nguo aipendayo. Hapana. Akajaribu jina la mama, Zalifa, wakaja watano, wala hakuna aliyekuwa wangu.

"Tujaribu langu?"

"Lako? Mama ataje jina lako? Afadhali anyamaze mwaka mzima."

Akacheka kidogo, mimi sikucheka. Mtafutaji hachoki, na akichoka keshapata, ndivyo wasemavyo. Mimi nilikuwa nimechoka na sijapata kitu. Ndipo nikamwambia jambo nililomficha miaka minne.

"Hata langu hatalitaja. Aliapa."

Zoubeir anajua kwamba kwetu binti hujengewa nyumba, na mume ndiye anayehamia. Mama alinijengea yangu chini ya ngome ya Mutsamudu, ya mawe, jiwe moja moja, kwa miaka kumi na mitatu. Kisha mimi nikamfuata yeye, Mngazija, mtu wa kisiwa kingine, kwenye nyumba ya kupanga. Asichokijua ni kilichosemwa siku ya kuondoka. Mama alisimama uani akasema, "Jina lako halitatoka kinywani mwangu mpaka mlango ule ufunguliwe." Na mimi, kwa hasira zangu ambazo nimezirithi kwake yeye mwenyewe, nikaufunga mlango nikaondoka na ufunguo.

"Yeye analala kwenye chumba cha bati, kule nyuma," nilimwambia. "Risasi na bati, Zoubeir! Nyumba ya mawe iko hatua kumi kutoka hapo, imefungwa, na ufunguo uko kwetu Ikoni kwenye droo ya vijiko."

Nilingoja anilaumu. Nilitaka anilaumu. Akanishika mkono, akaubusu, akageukia kioo chake.

"Basi hatutafuti jina," alisema. "Tunatafuta ufunguo."

Kwa Kifaransa ufunguo ni clé. Akaandika, hakikuja kitu. Akasema mashine ile inazitafuna herufi zenye alama juu, akaandika cle bila alama, akabonyeza.

Mistari ikaanza kumiminika. Ilijaza kioo, ikapanda, ikaendelea. Moyo wangu ulipaa. Kisha nikasoma. Mjomba Tayeb hajambo. Mjomba Kamardine anaomba dawa ya presha. Mjomba Idarousse amehamia kwa mkewe wa pili na anaona aibu. Mjomba, mjomba, mjomba. Maana mjomba kwa Kifaransa ni oncle, na cle imo tumboni mwake. Na nani kwetu anayetuma salamu bila kumtaja mjomba?

"Ufunguo mmoja hatuna," nilisema, "wajomba mia mbili tunao."

"Wajomba tutawatoa."

"Kuwatoa wajomba ni utovu wa adabu."

"Watanisamehe, mimi ni Mngazija, sina adabu. Muulize mama yako." Akaongeza alama ndogo, v na neno oncle, kuiambia mashine iondoe kila mstari wenye mjomba. Akabonyeza.

Ukabaki mstari mmoja.

Aliyeuandika ni Moindjié, naye hakuandika clé. Aliandika clef, kwa f mwishoni, kama wazee wa shule ya zamani. Zoubeir akanisomea taratibu kwa lugha yetu, kidole juu ya kioo:

"Kwa aliyeondoka na ufunguo. Mimi mzima. Risasi zilipoanza nimeuvunja mlango kwa shoka, nalala kitandani kwako. Nilisema mpaka mlango ule ufunguliwe, sikusema ufunguliwe na nani. Ousna mwanangu, njoo. Na huyo mumeo mje naye. Mama yako."

Nilikaa. Mwenyewe, bila kuambiwa.

"Ousna," alisema Zoubeir. "Moindjié amesomea Marseille, huko H haitamkwi. Jina lako lilikuwemo humu tangu Jumanne. Sisi tulikuwa tunatafuta lenye H."

Akasogeza mkono kwenye vibonye ili alirekebishe jina. Nikaushika.

"Iache hivyo hivyo. Nisomee tena."

"Yote?"

"Pale aliponiita tu."

Akanisomea. Nikamwambia arudie, akarudia, na upole ule wake haukuisha.