Bodi Iliyokataa Kuamka Asubuhi

Bodi ya kuendeshea tanuri ilirudi mara ya pili ikiwa imefungwa kwenye karatasi ya mikate, na unga ulikuwa umeingia mpaka kwenye matundu ya skrubu. Mwokaji aliyeileta hakutaka hata kiti. Aliiweka juu ya kaunta, akawatazama mke na mume kwa zamu.

"Mvivu wenu huyu hapa," alisema. "Jana nimemzima mzima wa afya. Leo alfajiri namwasha, kimya. Tanuri baridi, wateja mlangoni, na mimi nagawa maelezo badala ya mikate."

"Ulijaribu kumwasha tena?" mke aliuliza.

"Mpaka kidole kikaota sugu."

Warsha hiyo ilikuwa ya familia, na familia yenyewe ilitosha kwenye benchi moja. Mume alitafuta wateja na kupokea lawama zao. Mke aliandika programu, yaani zile amri ambazo bodi inazifuata tangu inapopata umeme mpaka tanuri linapofikia joto lililotakiwa. Na mkwewe, baba wa mume, ndiye aliyelehemu. Mzee alianza na redio enzi zile redio ilipokuwa kubwa kama kabati la vyombo, na mpaka leo kila chenye waya alikiita "mashine", kwa heshima zote. Kila asubuhi alikwenda kabatini, akachukua vipuri vya siku ile, akavijaza kwenye kisanduku chenye vijumba kilichokaa karibu na mkono wake wa kushoto. Akishaanza kazi hakitazami tena. Vidole vilijua njia.

Tatizo lilikuwa mkono wa kulia. Siku hizi ulikuwa unatetemeka. Yeye mwenyewe hakuwahi kulisema jambo hilo, lakini kikombe chake cha chai kililisema kila siku, kikigongana na kisahani mpaka watu wakaanza kuzungumza kwa sauti kubwa wakati wa chai ili wasikisikie.

Kwa hiyo bodi za matanuri zilipoanza kurudi, hakuna aliyehitaji kufikiri sana. Bodi iliyorudi ilipokelewa kwa desturi ileile: mzee aliikagua, akapitisha pasi ya kulehemu kwenye viungo vyote upya, kisha mke akaichomekea kebo ya kompyuta na kuipakia programu. Ikaamka. Ikabonyezwa kitufe cha kuanza upya, ikaamka tena, na tena, kama haijawahi kumkera mtu. Ikarudishwa kwa mwenyewe, na asubuhi moja ikagoma.

"Baba akipitisha pasi, inapona," mume alisema siku ile, sauti chini, akiwa mlangoni na mkewe. "Sasa ugonjwa ni nini kama si lehemu? Mimi simlaumu. Ila hii ikirudi tena, baba anapumzika nyumbani. Tutatafuta mtu mwingine."

"Nimesikia," mzee alisema kutoka kwenye benchi. "Kilichochoka ni mkono, si masikio."

Mume aliona haya, akatoka kwenda kutafuta wateja ambao hakuna aliyekuwa anawahitaji saa ile. Mke alibaki. Ukweli ni kwamba alimpenda mzee huyu kuliko alivyowahi kumwambia mtu. Alipoolewa katika nyumba ile, ndugu wa mume walimwona kama msichana wa kompyuta asiyejua kupika. Mzee ndiye aliyemwita fundi, mbele ya wote, akamsogezea kiti kwenye benchi. Leo kiti kinachozungumziwa kilikuwa cha mzee mwenyewe.

Aliichukua lenzi, akapitia viungo vya Mvivu kimoja kimoja. Viwili vitatu havikuwa na sura ya kupigia picha, lakini vyote vilikuwa imara, vinang'aa.

"Baba, mimi sioni kasoro."

"Huoni kwa sababu hutaki kuona," mzee alisema bila kuinua kichwa. "Nipe hapa nipitishe pasi."

Bodi ikarudishwa kwa mwokaji, na safari hii mke aliomba jambo moja: kesho asiwashe tanuri mpaka yeye awepo.

Alifika kabla jua halijachomoza vizuri, na kompyuta ndogo kwapani. Kebo ya kupakia programu aliiacha mfukoni. Alichomeka waya mwembamba tu, ule wa kusikiliza, usiotoa amri yoyote: bodi ikisema kitu, maneno yanatokea kwenye kioo cha kompyuta. Unga ulikuwa umeshaumuka kwenye trei. Mwokaji alikuwa amekunja mikono kifuani.

"Washa," mke alimwambia.

Kwenye kioo maneno yalianza kushuka, yaleyale aliyoyaandika yeye. Nimeamka. Nakagua saa. Nafungua kashe. Halafu herufi za ovyo, kama mtu anayeongea usingizini, kisha kimya.

"Ndiyo hivyo," mwokaji alisema, karibu kwa furaha. "Nilidhani mbele yako ataona aibu."

Akatoa simu, akaenda pembeni kumpigia mume kule warshani na kumweleza kinagaubaga anavyoiona warsha yao. Mke hakumsikiliza. Alikuwa ameinamia bodi na kijiti cha mbao, anabonyeza chipu moja baada ya nyingine, anaipinda bodi kidogo, anaigonga. Kiungo kibovu hakipendi kuguswa. Ukikigusa kitaamka au kitazimika, lakini hakikosi kujibu. Mvivu hakujali kabisa. Alimzima, akamwasha. Safari hii Mvivu alikwenda hatua chache mbele, akafia mahali pengine. Lakini daima baada ya maneno yale: nafungua kashe.

Kashe ni kumbukumbu ndogo iliyomo ndani ya chipu, karibu na ubongo wake. Kumbukumbu kubwa iko mbali na ni ya polepole, kwa hiyo chipu inaweka karibu vile inavyovihitaji mara kwa mara, na ikishavikuta karibu haihangaiki kwenda mbali kuhakikisha. Inaamini tu. Na mahali ulipo uaminifu wa namna hiyo, mke alijiambia, ndipo pa kuanzia.

Kashe ilikuwa na nini asubuhi, kabla mtu hajaweka kitu? Si kwamba ilikuwa tupu. Umeme ukikatika muda mrefu kisha ukirudi, kumbukumbu ya aina ile inaamka na takataka, namba zilizojiangukia zenyewe. Chipu za zamani zilikuwa zinajifagia zenyewe kabla ya kufungua. Hizi za toleo jipya, walizozinunua mwaka huu kwa sababu zina kasi, zinamwachia kazi hiyo mwandishi wa programu. Ilikuwa imeandikwa kabisa kwenye maelezo yake. Aliyapitia haraka haraka, kama watu wanavyopitia masharti kabla ya kubonyeza "nakubali".

Na warshani je, mbona kule inaamka? Hapo akaketi juu ya gunia la unga, akacheka peke yake mpaka mwokaji akakata simu kuja kumtazama.

Warshani benchi halizimwi. Ndiyo sheria ya kwanza ya mzee. Kifaa chake cha kugawa umeme alikitengeneza mwenyewe zamani, na akidai kikizimwa kinanuna, alikiwekea betri pembeni ili hata umeme wa mtaani ukikatika chenyewe kisijue. Bodi ikitakiwa kuanza upya, inabonyezwa kitufe, na kitufe hakiondoi umeme. Na kabla ya hapo kila bodi iliyorudi ilichomekewa kebo ya kompyuta, na kebo ile, kabla ya kupakia chochote, kazi yake ya kwanza ni kufagia kashe. Mvivu hakuwahi hata siku moja kuamka mbele yao akiwa peke yake, kutoka gizani. Mara zote kulikuwa na mtu ameshamfagilia nyumba. Pasi ya mzee haikumponya. Haikuwa na habari naye.

Aliandika amri moja juu ya ile ya kufungua: futa kwanza. Akapakia, akazima, akamwomba mwokaji wasubiri mpaka kashe isahau kila kitu.

"Unga wangu hausubiri programu," mwokaji alisema, lakini akasubiri, akizunguka trei zake. Kisha akawasha kwa kidole chake mwenyewe chenye sugu. Maneno yakashuka mpaka chini, taa ya kijani ikawaka, na tanuri likaanza kunguruma.

Mwokaji alitazama taa, akamtazama mke. "Basi muda wote huo ni hilo tu?"

"Ni hilo tu. Na ni langu, si la mzee."

Alisema hivyo na uso ukamwaka, kwa aibu na kwa furaha kwa pamoja, na furaha ndiyo iliyokuwa kubwa.

Alirudi warshani na mkate wa moto kwapani, mbio mbio, na alipoingia furaha ikamkauka. Simu ya mwokaji ilikuwa imefika kabla yake. Mume alikuwa amesimama dirishani, amewapa kisogo. Mzee alikuwa amekunja pasi yake ndani ya kitambaa, na kisanduku cha vijumba kilikuwa kitupu. Vipuri vyote alikuwa ameshavirudisha kabatini.

"Baba, si mkono wako," mke alisema akihema. "Ni kashe. Ni programu yangu." Akaeleza yote, haraka, akiruka hapa na kurudi pale.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akatabasamu kwa upole, na upole huo ulimuumiza mke kuliko matusi yote ya mwokaji.

"Mwanangu, una moyo mzuri. Lakini usijitwishe lawama kwa kunihurumia. Nimeshaona kikombe changu kinavyolia. Mnadhani sisikii mnavyopandisha sauti?"

Mume aligeuka, akainamisha kichwa. Mke aliona kwamba maneno hayatafaa kitu. Akaenda rafuni, akashusha bodi ya mfano iliyotoka kwa watengenezaji wa chipu. Mashine ndiyo iliyoilehemu, huko kiwandani, na haikuwahi kuguswa na pasi ya mtu wa nyumba hii. Akaipakia programu ya zamani, ileile iliyokuwa ikirudi na unga, akaiweka kwenye benchi mbele ya mzee. Ikaamka vizuri, kama kawaida ya benchi lile.

"Sasa baba, zima umeme."

"Kitufe hicho hapo."

"Si kitufe. Zima benchi."

"Benchi halizimwi."

"Ndiyo maana hatukuiona kasoro," mke alisema. "Zima, baba. Nakuomba."

Mzee akapitisha mkono nyuma ya kabati, ule wa kulia, akapapasa, akakata umeme, akang'oa na waya wa betri. Ule mvumo ambao hakuna aliyekuwa akiusikia tena ukakatika, na ndipo wote watatu walipousikia. Wakanywa chai. Kikombe cha mzee kikalia kwenye kisahani, na safari hii hakuna aliyepandisha sauti.

Mkate ulipobaki kipande, mzee akarudisha umeme. Benchi halikununa. Bodi ya kiwandani ikapata umeme, ikatoa herufi za ovyo kwenye kioo, ikanyamaza.

Mzee aliinama, akachukua lenzi, akakagua viungo vya mashine, vyote sawasawa, vyote vizuri. Alikagua kwa muda mrefu.

"Hii sikuigusa," alisema.

"Hukuigusa."

"Lakini imegoma vilevile."

Akaketi. Alitazama kisanduku chake kitupu, kisha akakisogeza kwa kidole mbele ya mke. "Nieleze tena. Polepole. Hiyo kashe ni kama hiki?"

"Kama hicho hasa. Unachukua bila kutazama kwa sababu unajua ulichokiweka. Sasa mtu aje alfajiri akijaze takataka, na wewe usijue."

"Nitalehemu upuuzi."

"Utalehemu upuuzi."

"Na mkono hauna kosa."

"Mkono hauna kosa, baba."

Mzee alifungua kile kitambaa, akaitoa pasi, akaichomeka. Mkono ulikuwa unatetemeka kama jana na juzi, na safari hii hakuuficha chini ya benchi. Mume akakohoa, akatafuta pa kuanzia.

"Baba, nilisema maneno..."

"Ulisema, na siku moja utakuwa sahihi," mzee alisema. "Si leo." Akamnyooshea mwanawe kisanduku bila kumtazama, macho yake yako kwenye pasi inayopata moto. "Nenda kabatini ukanijazie. Na ukifute kwanza."